Gari la Kispoti la Kila Siku: Tuanze na Lita

SWALI LA KWANZA

Ndugu Mwandishi,

Nakusalimu pamoja na wenzako wote mnaoandaa safu hii. Kwa miaka tisa nimeendesha gari la kawaida la familia. Sasa watoto wameshaanza kujitegemea, na ninataka kununua gari la kispoti, tena la kutumia kila siku, linipeleke kazini na kunirudisha. Safari yangu ni kilomita 27 kwenda na 27 kurudi, siku tano kwa wiki. Katika kila safari, takriban kilomita 10 ni za taa za barabarani na foleni, na 17 zilizobaki ni barabara kuu isiyo na vikwazo.

Nimebakiwa na magari matatu moyoni. La kwanza ni Mazda MX-5 ya viti viwili, yenye injini ya lita mbili isiyo na turbo. La pili ni Volkswagen Golf GTI, ambayo nayo ina injini ya lita mbili lakini yenye turbo. La tatu, ambalo kwa kweli ndilo ninaloliota, ni Ford Mustang GT ya silinda nane, yenye injini ya lita tano. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba gari hunywa kwa mguu wa dereva, kwa hiyo nikiendesha kwa utaratibu hata hizo silinda nane hazitanitesa. Mwenzangu wa kazini naye anasema kwamba anayeuliza habari za mafuta hafai kununua gari la kispoti. Nimwamini nani? Na vile viwango vya ulaji wa mafuta vinavyotangazwa na watengenezaji, vinaaminika kwa kiasi gani?

JIBU

Ndugu yangu, ahsante kwa barua iliyokamilika. Wengi huniandikia wakitaja gari tu bila kutaja njia, nami hubaki sina la kuwajibu, kwa kuwa swali la mafuta halijibiki mpaka njia ijulikane. Wewe umenipa vyote viwili, basi tuhesabu pamoja.

Kuhusu mwenzako wa kazini, sikubaliani naye hata kidogo. Nimewaona watu walionunua magari waliyoyaota kwa miaka, na baada ya miezi michache wakaanza kuyaacha nyumbani na kupanda gari jingine, kwa sababu kila walipokanyaga mafuta macho yao yalikuwa kwenye mshale wa tangi badala ya kuwa barabarani. Gari la namna hii hufurahisha likiendeshwa kwa moyo mweupe, na moyo huo hupatikana kwa hesabu iliyofanywa kabla ya kulipa. Muuzaji wako amesema nusu ya ukweli, nitamrudia.

Chukulia kwamba unakwenda kazini siku 240 kwa mwaka. Kilomita 54 kwa siku zinakupa karibu kilomita 13,000. Maana yake ni kwamba kila lita moja inayozidi katika kilomita 100 itakuwa lita 130 kwa mwaka, kabla hujatoka matembezini hata mara moja. Iandike namba hiyo mahali utakapoiona, kwa sababu ndiyo mizani yako: kila mtu atakapokwambia gari fulani linakula kidogo kuliko jingine, utamuuliza ni lita ngapi kwa kilomita 100, kisha utazidisha kwa 130.

Hapa nakuomba uache mazoea moja ambayo wengi wetu tumekua nayo, ya kupima gari kwa kilomita kwa lita. Kipimo hicho ni sahihi, ila hudanganya macho pale unapolinganisha. Mtu akihama kutoka gari la kilomita 8 kwa lita kwenda la kilomita 10, na mwingine akihama kutoka 14 kwenda 16, wote wameongeza kilomita mbili kwa lita na huonekana wamepata faida sawa. Fanya hesabu: wa kwanza ametoka lita 12.5 kwa kilomita 100 hadi lita 10, ameokoa lita mbili na nusu. Wa pili ametoka lita 7.1 hadi 6.3, hajaokoa hata lita nzima. Wamarekani wana mtego huohuo katika maili kwa galoni, na mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science jinsi unavyowapotosha wanunuzi. Kwa mnunuzi wa gari la kispoti jambo hili ni zito kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu magari yake yamejazana upande ule wa kilomita chache kwa lita, ambako tofauti inayoonekana ndogo hubeba mafuta mengi.

Sasa viwango vya watengenezaji. Magari hupimwa ndani ya maabara, juu ya roli zinazozunguka chini ya magurudumu, yakifuata ratiba maalumu ya kuondoka, kukimbia na kusimama. Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilikuwa cha dakika 20 na kilomita 11 tu, chenye kuongeza mwendo taratibu mno kuliko anavyofanya dereva wa kweli. Kipimo kipya, WLTP, kilianza kutumika kwa aina mpya za magari Septemba 2017 na kwa magari yote mapya Septemba 2018; kina dakika 30, zaidi ya kilomita 23, na kasi inayofika kilomita 131 kwa saa. Kwa hiyo unapolinganisha gari la mwaka 2014 na la mwaka 2020 kwa namba za makaratasi, unalinganisha mitihani miwili tofauti, na lile la zamani litaonekana bora kuliko lilivyo. Hata WLTP yenyewe bado ina huruma. Tume ya Ulaya ilipokusanya takwimu kutoka kwenye vifaa vya kupima mafuta vilivyomo ndani ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2021, ilikuta magari ya petroli yanatumia kwa wastani karibu asilimia 24 zaidi ya ilivyotangazwa. Mimi hufanya wepesi: namba ya WLTP naiongezea robo yake, ndipo naanza kufikiri.

Kwa magari yako nitatumia vipimo vya shirika la mazingira la Marekani, EPA, kwa sababu huandika namba ya mjini na ya barabara kuu mbalimbali, na hicho ndicho tunachohitaji. Nimegeuza maili na galoni kuwa lita kwa kilomita 100. MX-5 ya gia za mkono ya kizazi cha sasa ina takriban 9.0 mjini na 6.9 barabara kuu. Golf GTI ya kizazi cha nane yenye gia za otomatiki ina takriban 9.8 na 7.1. Mustang GT ya mwaka 2024 yenye otomatiki ya gia kumi ina takriban 15.7 na 9.8.

Ziweke namba hizo juu ya njia yako ya kilomita 20 za foleni na 34 za barabara kuu kwa siku. MX-5 itatumia karibu lita 4.15, GTI karibu lita 4.4, na Mustang karibu lita 6.5. Kwa mwaka mzima wa kazi, Mustang inakunywa zaidi ya lita 550 kuliko MX-5. Kati ya MX-5 na GTI tofauti ni kama lita 50 hivi, yaani tangi moja la GTI kwa mwaka mzima.

Tazama vizuri hizo tofauti mbili, kwa maana zinasema mambo mawili tofauti. Ile ya kwanza ni kubwa kiasi cha kuamua. Ya pili ni ndogo kiasi kwamba mtu anayechagua kati ya MX-5 na GTI kwa ajili ya mafuta anapoteza muda wake. Achague kwa viti, kwa mizigo, na kwa namna usukani unavyozungumza na mikono yake.

Kwa nini Mustang inaumia hivyo mjini? Kwanza ni uzito. MX-5 ina takriban kilo 1,060, na Mustang GT takriban kilo 1,750. Kila unapoondoka kwenye taa hadi kufika kilomita 60 kwa saa, nishati ya mwendo uliojikusanyia imetoka tangini, na unapokanyaga breki kwenye taa inayofuata, yote inageuka joto kwenye sahani za breki na kupotea. Lita moja ya petroli ina karibu megajuli 32, na tukikadiria kwa ukarimu kwamba robo yake inafika kwenye magurudumu, basi kuondoka mara moja namna hiyo kunagharimu kama mililita 20 kwa gari jepesi na mililita 32 kwa lile zito, dereva akiwa ndani. Mililita 32 ni vijiko vikubwa viwili vilivyojaa. Jipatie picha kwamba kwenye kila taa mtu anasimama pembeni ya dirisha lako na kumwaga vijiko hivyo viwili chini, taa baada ya taa, asubuhi na jioni.

Sababu ya pili ni ukubwa wa injini yenyewe. Injini ya petroli hujipunguzia nguvu kwa kujibana pumzi: kilango cha hewa hufungwa kiasi, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba, kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliobanwa na vidole. Injini ya lita tano inayotakiwa kusukuma gari kwa mwendo wa kutambaa inafanya sehemu ndogo sana ya kazi iliyotengenezwa kuifanya, na sehemu kubwa ya mafuta yake inaishia kushinda mbano huo na msuguano wa silinda nane zinazozunguka. Barabara kuu inaisaidia, kwa sababu gia ya juu kabisa huifanya injini izunguke polepole na kubeba mzigo unaolingana zaidi na ukubwa wake. Ndiyo maana tofauti kati ya Mustang na MX-5 ni lita 2.9 barabara kuu lakini ni lita 6.7 mjini. Mtu mwenye safari ndefu isiyo na taa angepata jibu laini kuliko lako.

Hapo ndipo tunapomrudia muuzaji. Mguu wa dereva una uzito wake, hilo ni kweli. Serikali ya Marekani, katika ushauri wake kwa madereva, inakadiria kwamba kuendesha kwa fujo hupunguza umbali unaokwenda kwa kila galoni kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye kasi ya barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye msongamano. Lakini mjini Mustang inatumia karibu asilimia 74 zaidi ya MX-5. Utulivu wa mguu utakupunguzia sehemu ya pengo hilo, hautalimaliza. Na zaidi ya hayo, utulivu huohuo ukiupeleka kwenye gari jepesi nalo litapungua. Halafu nakuuliza kwa heshima: unanunua silinda nane ili uziendeshe kwa kunyata?

Maneno ya muuzaji yangefaa zaidi kama angeyasema kuhusu GTI. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka injini, ambayo nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Ukikanyaga kidogo, injini ile inaishi kama injini ya kawaida ya lita mbili. Ukikanyaga sana, hewa inayoongezeka inadai mafuta yanayoongezeka, na pakizidi joto, injini nyingi za turbo huongeza mafuta kupita yanayohitajika kuungua ili yapoze moshi usije ukaunguza turbo. Kwa hiyo gari hilo lina watu wawili ndani yake, na tofauti ya ulaji wao ni pana kuliko katika MX-5, ambayo nguvu zake huja kidogokidogo kadiri injini inavyozunguka. Ukijijua kwamba una mguu mzito, iongezee GTI kitu katika hesabu yangu.

Kuhusu mwendo wako wa barabara kuu, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inaongezeka kwa asilimia 44. Hapo magari yote matatu yataumia, na bawa kubwa la nyuma lililowekwa kwa mapambo litayazidishia maumivu.

Kabla ya kulipa, omba kulitumia gari kwa siku mbili katika njia yako hasa, hata kama itabidi ulikodi, na upime kwa tangi. Usiridhike na kompyuta ya dashibodi. Gari langu la kwanza la kispoti lilinifundisha hilo. Dashibodi ilikuwa ikinionyesha 7.9, nami nikawa nawaambia watu hivyo kwa kujivuna. Siku moja nikajaza tangi mpaka bomba la pampu lilipojikata lenyewe kwa mara ya kwanza, nikaacha papo hapo bila kuongeza hata tone, nikarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Baada ya siku kadhaa nilirudi kwenye pampu ileile, nikaliegesha gari likiangalia upande uleule, nikajaza mpaka lilipojikata tena. Kihesabu kilisoma kilomita 412, pampu ikasoma lita 35.6. Nilisimama pale na kalamu mkononi nikagawanya mara mbili, kwa kuwa sikutaka kuamini: 8.6. Rafiki yangu wa dashibodi alikuwa ameficha zaidi ya nusu lita katika kila kilomita 100. Tangu hapo nina daftari dogo kwenye kisanduku cha mbele, na tangi moja moja sizitilii maanani. Ninaangalia wastani wa tangi tatu au nne, kwa sababu kiasi pampu inachokatia hubadilika kidogo.

Ushauri wangu kwako, basi, ni kwamba Mustang uiache kwa njia hii, si kwa kuwa ni gari baya, maana ni gari ninaloliheshimu sana, ila kwa kuwa karibu mbili ya tano ya safari yako iko mahali ambapo uzito na ukubwa wa injini hulipiwa bila kufurahiwa. Kati ya mawili yaliyobaki, mafuta hayana neno. Kama kuna gari jingine nyumbani la kubebea watu, mimi ningechukua MX-5 kwa furaha, kwa sababu gari jepesi linakupa utamu wake hata kwenye kona ya kilomita 50 kwa saa, na utamu huo hauhitaji petroli ya ziada. Kama gari litakuwa moja tu, chukua GTI. Na kama foleni yako ingekuwa kilomita 20 kila upande badala ya 10, ningekwambia uongeze gari la nne kwenye orodha: Honda Prelude iliyorejea mwaka 2025 ikiwa ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kwa sababu mfumo huo huzima injini kwenye foleni na kuokota sehemu ya vile vijiko viwili kila unapopunguza mwendo.

SWALI LA PILI

Mhariri, shikamoo. Kitabu cha gari langu la kispoti lenye turbo kinasema nitumie petroli ya okteni 98, lakini naona watu wanatumia 95 na magari yao yanakwenda. Je, okteni kubwa ina nguvu zaidi? Na nikishuka hadi 95 nitaokoa kitu?

JIBU

Marahaba, na swali lako limekuja wakati wake. Okteni haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta. Inapima ustahimilivu wa mafuta dhidi ya kujilipukia yenyewe ndani ya silinda kabla ya mwali wa plagi kuyafikia, tukio ambalo mafundi huliita kugonga na ambalo likiendelea huweza kutoboa pistoni. Injini yenye turbo, au yenye mgandamizo mkubwa, huibana hewa sana na kuipasha joto, kwa hiyo huhitaji mafuta yanayovumilia.

Ukiiwekea 95 injini iliyotengenezewa 98, sensa ya kugonga itasikia na kompyuta itachelewesha cheche ya plagi. Gari litakwenda, kama ulivyoona kwa wenzako. Lakini cheche iliyochelewa ina maana mlipuko unaisukuma pistoni ikiwa tayari imeanza kushuka, hivyo kazi inayopatikana kwa kila tone la mafuta inapungua, nawe bila kujijua unakanyaga zaidi kufidia. Unachookoa kwenye pampu kinaweza kurudi tangini kwa mlango wa nyuma.

Soma tena kitabu chako na uangalie neno lililotumika. Kama kimesema 98 ni lazima, usijadiliane nacho. Kama kimesema inapendekezwa, pima mwenyewe: tangi tatu za 98, kisha tangi tatu za 95, njia ileile, ukiandika lita na kilomita. Ukikuta tofauti ya ulaji ni asilimia ndogo kuliko tofauti ya bei, una jibu lako kwa safari za kazini. Siku unayokusudia kulikimbiza, rudi kwenye 98.

Jambo moja la kuangalia kwa anayenunua gari lililotoka Marekani: namba ya okteni ya huko ni wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 yao inakaribiana na 95 au 96 ya RON, kimojawapo cha vipimo hivyo viwili, ambacho ndicho kinachotumika katika nchi nyingi nyingine. Wapo watu walioona 91 kwenye kifuniko cha tangi wakadhani gari lao linataka mafuta ya chini.

SWALI LA TATU

Ndugu Mwandishi, gari langu dogo la kispoti lilikuwa likitumia lita 8.5 kwa kilomita 100. Miezi miwili iliyopita nilibadilisha rimu za inchi 17 nikaweka za inchi 19 zenye matairi mapana, na sasa daftari langu linasema 9.7. Rafiki ananishauri nikiwa kwenye mteremko nitoe gia ili gari litiririke lenyewe na kuokoa mafuta. Nifanyeje?

JIBU

Ushauri wa rafiki yako ulikuwa na maana enzi za kabureta. Injini ya sasa inayopuliza mafuta kwa kompyuta hukata mafuta kabisa unapoachia kanyagio gari likiwa ndani ya gia, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, magurudumu hayaizungushi tena, na injini inalazimika kuunguza mafuta ili isizimike. Kwenye mteremko mrefu, basi, gia iliyoingia inatumia mafuta machache zaidi, tena inakupunguzia kazi ya breki, jambo ambalo kwa usalama wako lina uzito kuliko mafuta yenyewe. Acha gia mahali pake.

Kuhusu rimu, sehemu ya lita 1.2 unazolalamikia huenda haipo. Kama tairi jipya, kutoka ardhini hadi juu, ni refu kuliko la zamani, basi kila mzunguko wake mmoja unalipeleka gari mbali zaidi, lakini kihesabu kilomita bado kinahesabu mizunguko ileile. Tuseme mzunguko wa tairi umeongezeka kwa asilimia 4: kila unaposoma kilomita 100 umekwenda 104, na lita zako 9.7 kwa kweli ni 9.3. Kasi unayoisoma kwenye dashibodi nayo inakuwa chini ya kasi yako halisi, na hilo lina hatari yake.

Kilichobaki ni cha kweli. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito unaozunguka unadai nguvu ya ziada kila unapoondoka. Tairi pana hukamata hewa zaidi kwa mbele, na matairi yenye mpira laini wa kushika barabara hupoteza nguvu zaidi yanapoviringika. Angalia pia upepo uliomo ndani ya matairi, kwa kuwa mafundi wengi hujaza kwa mazoea, na kibao cha mlangoni kinachoonyesha kiwango cha upepo kimeandikwa kwa ajili ya tairi la zamani. Muulize muuzaji wa matairi kiwango kinachofaa kwa ukubwa huo na mzigo wa gari lako, kisha upime asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Fanya hivi wiki hii. Washa programu ya ramani kwenye simu inayopima umbali kwa satelaiti, mwache abiria aishike, na uendeshe kilomita 50 za barabara kuu ukilinganisha na kihesabu cha gari. Gawanya kilomita za simu kwa kilomita za kihesabu; ukipata uwiano huo, zidisha nao kilomita zote za daftari lako tangu ulipobadilisha rimu, kisha ugawanye upya. Ikiwa jibu bado liko juu ya 9, na rimu zako za inchi 17 bado unazo, zirudishe kwa safari za kila siku.